Mguu wa Nne

Kutoka kiduka cha Ghulamabbas mpaka kwenye duka la dawa ni hatua chache tu, na tangu Septemba mzee alikuwa akizipiga kila jioni. Leo dawa ya maumivu, kesho mafuta ya kuchua, keshokutwa nepi. Naam, nepi. Mjukuu wake Rida, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akishindana na lifti kwa kupanda ngazi mbio, sasa anavalishwa nepi kama kichanga, na akivalishwa anageuzia uso ukutani.

Jioni hiyo ya Januari mzee alikuwa ameshavaa koti na kofia, anashusha mlango wa chuma aende kununua hizo nepi. Ilikuwa saa kumi na moja, na saa kumi na moja ya Januari huku Toronto ni giza tayari. Kiduka chenyewe kimebanwa kati ya bucha la halali na kwa dobi, chini ya maghorofa ya Flemingdon Park. Mzee hutengeneza saa, tasbihi, bangili, visanduku, kitu chochote kidogo kilichovunjika.

"Fundi."

Alishtuka. Theluji ya siku ile ilikuwa kavu, ya kulia chini ya kiatu. Kila apitaye husikika. Huyu hakusikika.

"Nimefunga, mama. Njoo kesho."

"Nasikia una mtoto asiyesimama."

Mzee akauachia mlango.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, kajitanda mtandio mweusi juu ya koti refu la kiume. Pindo la koti lilikuwa limelowa mpaka magotini. Baridi ile ilikuwa ya kugandisha mate mdomoni, lakini maji ya kwenye koti lake hayakuganda. Yalikuwa yakidondoka... tip... tip... Na kulikuwa na harufu. Tope. Tope la mtoni, la nchi ya joto, lenye majani yaliyooza ndani yake. Ghulamabbas hakuwa amenusa harufu ile tangu aondoke Tanzania, miaka thelathini iliyopita.

Akamfungulia. Usiniulize kwa nini. Mtu akikutajia donda la moyo wako, mlango hujifungua wenyewe.

Mwanamke akaweka kitambaa juu ya meza ya kazi, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na kiboko.

Kiboko mdogo, hazidi kidole gumba, rangi ya samli iliyokaa. Macho yake ni vitundu viwili, na ubavuni kachorwa majani ya mtoni kwa ncha ya kitu chembamba. Alikuwa amelala kwa tumbo, kwa sababu hakuwa na miguu. Miguu yenyewe ilikuwa pembeni, minne, kila mmoja sawa na punje ya mahindi.

"Ametoka wapi?" Ghulamabbas aliuliza.

"Misri. Kaburini. Ni wa zamani, kabla ya manabii unaowajua majina."

Mzee akavaa lenzi jichoni. Hapo inafaa nikwambie yeye ni nani. Ghulamabbas ni Khoja wa Kisutu, Dar es Salaam, na babu yake alikuwa fundi wa pembe enzi zile pembe haijawa kesi ya polisi. Akaigeuza ile sanamu kwenye taa, akaona haina zile nyuzi zinazokatana ambazo pembe ya ndovu huwa nazo. Lilikuwa jino. Aliyemchonga kiboko yule alimchonga kwa jino la kiboko mwenyewe.

Kisha akatazama ilipokatika miguu, akaisogeza taa karibu.

"Huyu hakuanguka," alisema. "Amekatwa. Kwa msumeno."

"Ndiyo."

"Na aliyekata ni fundi. Kata nne, zote safi. Kwa nini umchonge mnyama mzuri hivi, halafu umkate miguu?"

"Aliogopa," mwanamke alinong'ona.

Ghulamabbas hakuhitaji kuelezwa zaidi, na hilo ndilo linaloniuma mimi msimulizi. Babu yake alimfundisha kazi kwa makofi na peremende, na somo la kwanza lilikuwa hili: kiumbe hakikamilishwi. Ukichonga ndege, mnyime jicho. Ukichonga simba, mpunguzie mguu. Maana siku ya kiyama aliyeunda kiumbe ataletewa kazi yake aambiwe, haya, kitie roho, naye hataweza. Ghulamabbas alipokea makofi mengi kwa ajili ya somo lile. Alilijua vizuri sana.

"Akisimama huyu," mwanamke alisema, "na wako atasimama. Mguu mmoja kwa siku."

"Kwa nini usimuunge wewe?"

"Wangu mimi alishasimama."

"Yuko wapi sasa?"

Maji yakadondoka... tip.

"Alisimama," akasema, akatoka. Kitambaa akakiacha.

Mzee alikaa na koti lake mwilini. Alisoma dua. Alinyanyuka ili akitupe kile kitu kwenye pipa la takataka nyuma ya bucha, akafika mlangoni, akarudi. Alimkumbuka Rida akigeuzia uso ukutani. Madaktari walikuwa wamesema homa ile ya Septemba imeunguza mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, tusubiri tuone, na wamekuwa wakisubiri na kuona miezi minne. Hapo ndipo mzee alipotafuta kichaka cha kujifichia, kama sisi wanadamu tulivyo. Mimi sichongi, alijiambia. Mimi naunga tu. Kuunga si kuchonga.

Akawasha jiko dogo, akapasha gundi, akaunga mguu wa kwanza.

Asubuhi gundi ilikuwa imeshika. Saa tano simu ikalia. Alikuwa Kwamboka, jirani yao wa ghorofa moja, Mkenya wa Kisii. Yeye ni nesi wa zamu za usiku, na mchana hukaa na Rida hadi mama yake, Zarina, atoke ofisini.

"Mzee," Kwamboka alisema, sauti chini kabisa, "sijui kama nimeona vizuri. Mtoto amechezesha kidole gumba."

Ghulamabbas akaketi sakafuni mwa duka lake akalia.

Siku ya pili aliunga mguu wa pili, na Rida akakunja goti. Siku ya tatu aliunga wa tatu. Jioni yake Rida akasimama pembeni mwa kitanda, ameshika ukuta, na Kwamboka akampiga video kwa simu. Zarina aliporudi na kuonyeshwa, alivua viatu akasujudu pale pale kwenye ujia, na majirani wanapita. Alikuwa ameweka nadhiri ya Hazrat Abbas, yule shahidi wa Karbala, kwamba mtoto akitembea atawalisha watu mia biriani. Usiku huohuo akaanza kupiga simu kuulizia masufuria.

Mzee alikuwa na furaha na hakuwa na raha.

Kwa sababu kulikuwa na mambo. Rida alikuwa akinywa maji jagi baada ya jagi, bila kuvuta pumzi katikati. Aliomba awekewe maji kwenye hodhi la bafuni, na Kwamboka alipoingia kumtazama alimkuta amelala humo ametulia tuli, macho na pua tu ndivyo viko juu ya maji. Hapepesi. Na chumba kilianza kunuka. Zarina alidhani ni bomba limeziba, akamwita mtu wa jengo, mtu akaja akafungua bomba na kusema ni safi.

"Mzee," Kwamboka alimwambia mlangoni siku ile ya tatu, "mimi nimesoma unesi, sipendi kuongea mambo ya kienyeji. Lakini kwetu mtoto akipona hivi, watu hawashangilii kwanza. Wanauliza ni nani amemponya."

"Mungu amemponya."

"Sawa, mzee," Kwamboka alisema, na hakumtazama usoni.

Ghulamabbas akaamua. Miguu mitatu inatosha. Kiumbe hakikamilishwi, atauacha wa nne, somo la babu litakuwa limehifadhiwa, na mtoto atatembea hata kama ni kwa mkongojo. Aliridhika kabisa na uamuzi wake. Aliufungia mguu wa nne ndani ya droo.

Siku ya nne mchana alipanda juu kumwona mjukuu. Rida alikuwa amesimama dirishani, kaegemea upande, mguu wa kulia unaburuta. Machozi yanamtiririka. Dirisha lile linatazama bonde la mto Don, miti mitupu, na mto wenyewe uko chini kule, umeganda pembeni na mweusi katikati.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

Rida husikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku. Alijibu kwa Kiingereza chake kile cha shuleni, polepole, bila kugeuka.

"Nana, umebakiza mguu mmoja."

Nana ndivyo Makhoja wanavyomwita babu mzaa mama. Ghulamabbas hakuwa amemwambia mtu. Si Zarina, si Kwamboka, si ukuta.

"Nani kakwambia?"

"Unauma, Nana. Uliobaki unauma. Tafadhali."

Akageuka. Uso ulikuwa wa Rida, maumivu yalikuwa ya Rida, na sauti ilikuwa ya mtoto wake aliyemlea. Wewe ungefanyaje? Mimi sijui ningefanyaje. Ghulamabbas alishuka na lifti, akafungua duka, akafungua droo.

Saa kumi na nusu mguu wa nne uliingia mahali pake. Gundi ilikuwa bado mbichi, lakini ulishika. Ulishika kama ambao haukuwahi kutoka. Alivaa lenzi atafute alama ya msumeno.

Haikuwapo.

Alimsimamisha kiboko juu ya meza na kuondoa mkono. Akasimama. Chini ya miguu yake mbao ya meza ilianza kulowa, doa dogo, likawa kubwa...

Simu ikalia.

"Mzee, umemchukua Rida?"

"Mimi niko dukani."

Akamsikia Kwamboka akihema.

"Nilikuwa jikoni namchemshia maziwa. Mlango uko wazi, mzee. Viatu vyake viko hapa. Koti lake liko hapa."

Ghulamabbas alimtia kiboko kwenye mfuko wa aproni ya kazi, pamoja na koleo na bisibisi, akatoka bila kofia. Ana miaka sabini na moja na nyonga mbovu. Alikimbia. Alizunguka nyuma ya maghorofa mpaka kwenye ngazi za kushukia bondeni, na pale kwenye theluji akaziona. Nyayo za mtoto, pekupeku. Ziliteremka sawasawa, kushoto, kulia, nyayo za mtu asiyeumwa na kitu chochote.

Na kando yake, theluji ilikuwa imeyeyuka mapande kwa mapande. Kila pande pana kama sinia. Kila pande lina vidole vinne.

Mfukoni, kile kitu kilikuwa kimepata moto. Na kilikuwa kizito. Kilikuwa kikimvuta mbele kwa ukanda wa aproni, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

"Rida!"

Mtoto alikuwa ameshaupita ukingo wa barafu. Alikuwa ndani ya maji meusi yaliyomfika magotini, amevaa fulana ya kulalia, anatembea. Hakugeuka. Alipiga hatua nyingine, maji yakafika mapajani.

Na mbele yake, pale mto ulipokuwa na giza zaidi, kitu kilitoa pumzi.

Puuuuuf...

Pumzi ndefu, nzito, yenye joto. Harufu ya tope ikamfikia Ghulamabbas usoni. Mto Don una samaki na mabata. Hauna kitu cha kupumua vile.

Alikanyaga barafu, ikapasuka, mguu ukazama mpaka gotini, nyonga ikamkataa. Akaanguka kifudifudi. Kati yake na mtoto zilikuwa hatua kumi, na hata moja hakuweza kuipiga.

"Rida, mwanangu, simama!"

Hatua nyingine. Maji kiunoni.

Hapo ndipo alipoelewa. Watu wale wa kale hawakumkata mnyama wao kwa uchawi wala kwa hasira. Walikuwa kama babu yake. Walijua kitu kikikamilika kitaenda kwao, na kitakwenda na yeyote kitakayemkuta karibu. Akamtoa kiboko mfukoni. Alikuwa wa moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Akatoa koleo.

Na alijua. Nataka ujue kwamba alijua anachokwenda kukifanya, na kwa nani.

"Ya Abbas," alisema, akabana.

Tak.

Rida alipiga kelele, upande mmoja ukamlegea. Bado alikuwa akienda.

Tak.

Sasa aligeuka. Alimwona babu yake amelala kwenye barafu, na mikononi mwake akaona kile kitu, na koleo. Macho yalikuwa yake mwenyewe sasa. Alikuwa mtoto wa miaka saba ndani ya maji ya Januari.

"Nana, usinivunje."

Puuuf... karibu zaidi. Maji nyuma ya mtoto yaliinuka kama godoro linaloinuliwa na mtu aliye chini yake.

"Nana, tafadhali. Nitakuwa mzuri."

Tak.

Tak.

Mtoto akazama bila sauti.

Ghulamabbas hakumbuki alivyofika. Anakumbuka nywele mkononi, na fulana, na uzito wa mtoto ukija juu. Alijiburuta naye mpaka kwenye theluji. Mapovu yalipanda mto, dhidi ya mkondo, yakiondoka taratibu bila haraka yoyote, mpaka hayakuonekana tena. Akaiokota ile miguu minne pale alipoivunjia, akaitupa kwenye maji, mmoja mmoja. Akainua mkono amtupe na kiboko mwenyewe... mkono ukakwama hewani. Aliivunja miguu, miguu ya mtoto ikafa. Akiutupa mwili mtoni, je?

Akamrudisha mfukoni.

Mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Rida aliishi. Vidole vya miguu vilipona na baridi. Miguu yenyewe ilirudi kuwa mizigo miwili shukani, na safari hii madaktari hawakusema tusubiri tuone. Zarina aliwaonyesha video ya Kwamboka. Waliitazama mara tatu, wakatazamana, wakaomba vipimo vingine. Rida mwenyewe hakusema lolote kuhusu mto. Ila babu yake akiingia chumbani, anageuzia uso ukutani.

Siku ya tatu baada ya hapo, Ghulamabbas alimwambia binti yake kila kitu. Walikuwa jikoni, mtoto karudishwa nyumbani, amelala. Alimweleza mwanamke, miguu, gundi, koleo. Alitegemea atamlaani. Zarina alisikiliza mpaka mwisho, akavaa koti, akatoka.

Alirudi baada ya saa mbili. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akaweka tishu juu ya meza na kuifungua, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi.

Punje nne.

"Nilizitupa katikati ya mto," mzee alinong'ona.

"Zilikuwa kwenye theluji, Baba. Kandokando ya maji. Zimepangwa mstari."

"Zarina..."

"Muunge."

"Atamchukua, mwanangu. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Nitafunga mlango kwa kufuli. Nitalala naye, nitamfunga kwangu kwa kanga. Nitahama, tutakaa mahali pasipo na mto." Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiongea kama mtu anayeagiza vitu vya dukani. "Nimeiona ile video, Baba. Amesimama. Mtoto wangu amesimama, na wewe ndiye uliyemkalisha."

"Ningemwacha afe?"

Zarina aliisogeza ile tishu mbele yake.

"Amesimama," akasema.

Ghulamabbas alikataa. Alikataa na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, na mpaka hii leo ninapokusimulia anakataa. Kuisaga ile sanamu hawezi. Kama miguu ilivunjika na miguu ya mtoto ikafa, nani atathubutu kugusa kichwa? Kuitupa hawezi, ataiokota mwingine mwenye mgonjwa. Kwa hiyo anatembea nayo mfukoni, anaswali nayo, analala nayo chini ya mto wa kitanda, na usingizi wenyewe ni wa kuibia.

Maana ile miguu minne anayo Zarina, na hasemi ameiweka wapi. Naye ni mtoto wa fundi. Amekulia chini ya meza ile ya kazi, mikono yake inaijua kazi, na gundi inauzwa kila duka.